Waya za Baba Ndani ya Ukuta

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba
Asubuhi nimefunga pano mbili za umeme wa jua. Ya duka la viatu na ya mama muuza mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Zote zimewaka. Kasongo nzima hakuna mutu anayeshika waya kama mimi, umeme wenyewe unanijua. Mchana nyumbani kwa marehemu baba, fundi Sefu anabandua udongo wa zamani ukutani. Nilichukua nyundo, nikapiga mara moja tu, nusu ya ukuta chini. Ndani: waya.
Nilikaa chini.

Jumanne, tarehe 8
Nimesafisha kwa brashi ya meno. Waya mbili zimesokotwa pamoja, zimevikwa kitambaa. Zimeshikwa na vikombe vidogo vyeupe, udongo kama wa sahani. Karibu na mulango, kifungo cha shaba, cha kuzungusha. Vitu vya wakati wa Wabelgiji.
Baba alikuwa anasema: kabla hamujazaliwa, nyumba hii iliwaka. Alisaidia fundi wa kizungu, akaruhusiwa kuvuta waya kutoka mashine ya umeme ya duka la jirani. Vita vikachukua mashine. Waya akazifunika kwa udongo zisiibiwe. Hakuna aliyemuamini. Yaya Salima, dada yangu mukubwa, alisimulia shuleni. Wakamucheka mpaka akaacha masomo. Baba alipokufa hakuja kumuzika. Mpaka leo anasema hatakanyaga kaburi la mwongo.
Mimi pia nilimucheka baba. Halafu nikawa ninaitwa jina lile lile.

Jumatano, tarehe 9
Nimemupigia yaya simu Kabambare, anakokaa. Yaya alicheka vibaya. "Wewe na baba yako, mudomo mumoja. Juzi ulisema ulipanda kiboko mpaka ng'ambo ya Lualaba."
Niliapa. Mwisho akasema, "Nakuja Jumamosi. Nikikuta ukuta mutupu, usiniite yaya tena."
Magoti yanamuuma, na njia ile ni ya pikipiki. Kumbe anataka iwe kweli.
Kifungo sikitoi. Nikimuwekea mukononi atasema nimenunua. Simu yangu ya kitochi haipigi picha. Akione mahali pake.

Ijumaa, tarehe 11
Jana sokoni watu walinizunguka. Nilisema iko waya. Wakasogea. Nikasema mita mia. Bado wanasikiliza. Nikasema ndani ya vifungo vya Wabelgiji iko dhahabu. Walipiga makofi. Nilijiona mutu.
Leo mimi na Sefu tumetoka musikitini, mulango umevunjwa. Wamechimba kama wako Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Ukuta mashimo tu. Waya hakuna. Vikombe hakuna. Kifungo hakuna.
Mudomo wangu. Mudomo wangu huu.

Jumamosi, tarehe 12
Yaya alifika saa nane, vumbi mpaka kwenye kope. Aliangalia mashimo. Sefu aliapa kwamba aliona kwa macho yake.
"Wewe unakula kwake," yaya akamujibu.
Aliingiza mukono ndani ya shimo karibu na mulango. Akapapasa, akapapasa. Ulitoka na udongo tu. Nilimueleza yale ya sokoni. Hayo aliyaamini.
Hakunywa hata chai. Pikipiki ilipita mbele ya makaburi, nilisimama barabarani naangalia. Haikusimama.

Jumapili, tarehe 13
Nimekwenda kwa baba peke yangu. Nimeng'oa majani. Nimemuambia.
Hapa naandika bila kuongeza. Nyundo alipiga Sefu, mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Waya mbili, urefu wa ukuta mumoja. Vikombe vinne. Kifungo kimoja. Jumanne nilikizungusha mara moja. Kikalia tak.