Mtego wa Mtu Mwingine

Baba yangu,

Nakusalimu wewe na mama, na wote wanaoota moto wetu pale Lubondja. Mmeamkaje? Mgongo wa mama umepoa, au bado anabeba mihogo kwa ukaidi wake? Mimi ni mzima, nimenenepa hata suruali ya harusi imenikataa.

Umeniuliza mambo mawili: ninafanya kazi gani na sokwe wa Wabelgiji, na kama ukubali kuwategea sokwe walio hai kwa yule mnunuzi wao aliyefika mjini Baraka. Nitajibu yote, maana juzi nusura nifukuzwe.

Hapa wanawatia sokwe ugonjwa ule uliomlemaza Riziki wa dada mguu, halafu wanawajaribia dawa. Mimi nawalisha na kuosha vizimba. Jumapili moja munganga wetu, yule daktari mzungu, alikuwa amekwenda kuvua samaki, nikamkuta jike mmoja hawezi kuinuka, analia kwa sauti ndogo. Baba, unajua ulivyotulea. Ukikuta mnyama analia kwenye mtego, hata wa mtu mwingine, unammaliza, kisha unamwachia mwenyewe nyama yake. Mikono yangu haikungoja ruhusa. Nikammaliza kwa pigo moja, nikamfunika majani, nikakaa kumngoja munganga, mwenye mtego.

Munganga aliporudi aliwaka. Nikamweleza desturi yetu, nikidhani atanishukuru. Alikaa juu ya ndoo, akasema polepole:

"Ule nilikuwa nimemupa dawa. Kama ungemuacha kidogo, tungejua kama dawa inasaidia batoto. Sasa nitatia mwingine ugonjwa."

Niliona uchungu kwa ajili ya huyo mwingine, ambaye bado alikuwa anakula ndizi zake. Lakini ulimi wangu unaujua, nimeurithi kwako.

"Munganga, hiyo dawa mi naitaka. Mutoto ya dada yangu iko anakokota muguu. Lakini mwenye kutega anapitia mutego yake kila asubuhi. We ulitega, ukaenda kuvua samaki."

Aliinuka kwenye ndoo, akaenda zake. Kesho yake aliniita tukapatana. Sasa kila asubuhi, hata Jumapili, tunapitia vizimba pamoja. Mnyama akizidiwa, yeye mwenyewe anamchoma sindano ya usingizi wa mwisho. Nami siinui mkono bila kumwita. Kazi naiweza na sitaiacha. Sisemi kwamba ni haki, maana sokwe hakuna aliyemwomba ruhusa. Riziki naye ugonjwa haukumwomba.

Msalimie dada, mama yake Riziki, na mjomba anayevua kule Swima, mwambie samaki wa huku hawana ladha. Mke wangu anamwamkia mama na anataka mbegu za maharage.

Sasa la mtego. Mwenye mtoto mgongoni mwache apite. Mnunuzi akitaka kuwafunga kwa waya, mfukuze. Na moyo wako ukikataa kabisa, kataa, mimi nitakuheshimu vilevile. Lakini ukikubali, baba, usiseme unategea wazungu. Mtego utakuwa wetu sisi wawili: wewe utautega huko, na mimi nitaupitia huku kila asubuhi.

Ni mimi mwanao,
Alimasi