Baba Kwenye Filamu Iliyoshinda

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mguu uwe umepoa. Mimi siumwi, ila tangu Jumamosi chakula hakipiti, na wenzangu bandarini wananiuliza kama nimefiwa.

Mama, nimemwona baba.

Kaa kwanza, nikueleze. Huku mjini kila mwaka hutolewa zawadi kwa filamu bora. Safari hii zilitolewa kwenye jumba moja la sinema Mchafukoge. Temba, yule Mchaga ninayekaa naye chumba kimoja, alipata kadi ya mwaliko, akaniburuta twende. Tulikaa nyuma kabisa. Washindi wakaitwa, wa kuigiza, wa muziki, watu wakapiga makofi. Mwisho ikatangazwa filamu iliyoshika nafasi ya kwanza, ya wakulima wa korosho wa Kusini. Wakazima taa watuonyeshe kipande.

Akatokea baba. Yuko shambani na shati lake la kaki, anaokota korosho huku akikohoa kile kikohozi chake. Mtu asiyeonekana akamwuliza nani humsaidia. Baba akainua uso, akasema, "Mwanangu yuko bandarini Dar es Salaam. Akija, ataikuta mikorosho safi."

Unakumbuka masika yale barabara ilivyokatika Rufiji, mkamzika bila mimi. Sasa alikuwa hai mbele yangu, mkubwa kuliko nyumba, na watu wasiomjua wanamchekea. Nikajikuta nimesimama, nasema, "Huyo ni baba yangu." Wakanizomea nikae. Temba akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini baba yupi, si alifariki? Taa zilipowaka nilikuwa bado natazama kile kitambaa cheupe.

Nilimngoja mlangoni mtengenezaji wa filamu ile, kijana wa miwani, zawadi yake kwapani. Nilipomweleza, alikaa kwenye ngazi kama aliyesukumwa. Hakujua kwamba mzee hayupo. Akaniambia baba aliwakataza nyote nyumbani msiniandikie habari ya kupigwa picha, kwani alitaka nishtuke mwenyewe siku nikimwona. Nimeshtuka, mama.

Mvua zikiisha, gari la sinema litapita huko kuionyesha filamu. Kijana ameniuliza kama lisimame kijijini kwetu au lipite tu. Nimemwambia nitakuuliza kwanza. Amua wewe. Ukiona itakuumiza, niandikie, nitamwomba lipite. Ukikubali, mningoje. Nimeshaomba likizo, nataka siku hiyo nikae karibu yako.

Nisalimie dada Somoe na watoto wake, na mjomba fundi cherehani. Temba anakupa pole upya. Bibi msimwambie chochote kwanza. Najua macho yake hayaoni vizuri, lakini sauti ya mwanawe ataijua.

Ni mimi mwanao,
Saidi