Glavu Juu ya Bomba la Joto

Jumatatu, 9 Januari

Baridi ya kuua, gari limegoma kuwaka. Nimefika mahakamani nimechoka kabla hata jaji hajaketi. Mimi na mdogo wangu Wes, benchi moja, shtaka moja: bastola na unga wa kulevya, ndani ya begi la hoki ya barafuni, chumba cha chini nyumbani kwangu. Wes ndiye anayelala huko tangu mkewe amfukuze. Anadai begi aliliacha mwenzake wa timu.

Wakili Desrosiers kanieleza tena, polepole kama anayemweleza mtoto. Si lazima wakukute umeshika. Wakithibitisha ulijua kilichomo, ukaridhia kikae kwako, basi ni chako. Miaka jela! Na mimi huyu, nina umri wa miaka sitini na moja.

Wes ananong'ona: "Dada, we sema hukulifungua, basi. Linavyonuka lile, nani mwenye akili zake alifungue?"

Jumanne, 10 Januari

Askari kaonyesha picha za upekuzi. Begi. Bastola ndani ya taulo. Halafu picha ya kumi na nne — Mungu wangu! Kamba yangu ya kufulia: jezi, soksi, pedi za magoti, vyote vya begi lile, vimeanikwa. Glavu juu ya bomba la joto, lile linalopasha chumba, vidole juu.

Mwendesha mashtaka, Bi. Lahti, kaitazama picha ile muda mrefu. Ana watoto wanaocheza hoki, nilimsikia kwenye korido.

Jumatano, 11 Januari

Sijala. Daftari hili nitalichoma.

Ndiyo, nilianika mimi. Miaka thelathini naanika, ya wanangu, ya Wes. Nguo mbichi kuozea kwenye begi, siwezi! Taulo lililokuwa chini ya nguo likawa zito. Nikalifunua. Nikalifunika. Nikafunga zipu, nikapanda juu kupika supu.

Nilimwambia Wes alitoe begi nyumbani. Akasema kesho. Siku nne za kesho, kisha polisi. Mpumbavu yule! Na bado nampenda. Nimechoka.

Alhamisi, 12 Januari

Nimepanda kutoa ushahidi. Nimesema begi sikuligusa. Bi. Lahti kaniwekea ile picha mbele, sauti ya upole kabisa: "Bibi Hrynchuk, basi nani kavianika?"

Nikisema Wes, namzamisha, na kila mtu kwenye timu anajua Wes hajaanika hata soksi maishani mwake. Nikisema mimi, ndio basi.

Desrosiers kapinga swali, wamebishana, jaji kataka dakika kumi na tano aamue. Niko kwenye korido. Wakili haruhusiwi kusema nami, bado nahojiwa.

Wes katoka nje kuvuta sigara, karudi na theluji mabegani. "Usiogope, dada." Kanipa glavu zake zimelowa chapachapa, kaenda chooni.

Nimezipokea. Nimezikung'uta. Nimezipanga juu ya bomba la joto la korido, vidole juu, nimeketi, nimeendelea kuandika — ndipo nimeinua macho.

Bi. Lahti amesimama mlangoni na kahawa yake. Hanitazami mimi, anatazama bomba.

Tunaitwa ndani.