Korali za Lévi

Mariette, niko mu jikoni, nimefunga mulango.

Unajua Lévi, mutoto wa patron mwenye ninamutumikia, na zile korali zake, banyama ya bahari zenye kufunguka kama maua mu akwariumu ya salon. Tunazikulishaka sisi babili tu, miye na yeye.

Leo alishika mukono ya Eliane, ule mugeni mwenye alikimbia vita ku Kayna, akamupa seringi ya chakula ya korali: "Polepole, kinywa kimoja kimoja."

Ile maneno, Mariette. Nilizania ni yangu peke.

Eliane akazigusa, zote zikajifunga. "Zimekufa?"

Lévi akacheka: "Hapana, ziko na haya kama Abigaïl."

Kama Abigaïl. Jina yangu, na miye nasimama pale, nimebeba plateau, ile sinia ya chai.

Sasa nasikia ku salon banasema zimefunguka tena. Banauliza chai iko wapi. Iko huku na miye, inapoa.