Sina Neno la Kumjibu Madam

Jumanne, Matinyani

Sijawahi kumwambia mtu kwamba nikiulizwa nahisi nini, huwa sijui. Si kwamba naficha. Naangalia ndani yangu na sipati neno, mimi niliyemaliza vitabu vyote vya kabati la shule.

Leo Madam Mwende, mshauri nasaha wa hospitalini, ameniuliza tena. Nikajibu, "Niko sawa, namshukuru Mungu," jinsi tunavyosalimiana mlangoni pa kanisa. Akasema kama niko sawa, basi hii iwe mara ya mwisho kuonana. Nikatoka. Na ni yeye peke yake anayeniuliza kisha akangoja jibu.

Mama, aliyekuwa akiningoja nje, alifurahi. "Si nilisema ni tumbo tu, Mutheu? Twende tuchukue dawa."

Dawa za tumbo nimekunywa tangu tulipomzika kaka yangu Kioko. Hazijasaidia. Tumbo hukaza jioni tu, nikienda kuteka maji kwenye mto mkavu. Kioko alikuwa akichimba mchanga, mimi nikichota. Siku hizi nachimba mwenyewe, halafu...

Nikageuka.

"Sasa wewe, umesahau nini huko?" Mama akaita.

Nikabisha mlango. Nikamwambia Madam kwamba jina la kitu hiki silijui, ila maji yakishajaa kwenye shimo, mimi hukaa tu na kikombe mkononi, nikingoja mtu aniambie nichote.

Hakunipa jina lolote. Alinivutia kiti, nikaketi.