Kirie ya Watu Wawili

Makoko, Musoma
Jumatatu, 23 Februari 2026

Mpendwa Mama Mdogo Gaudensia,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Tunduma haijakushinda, na kile kifua chako kimetulia. Baba mdogo mguu unaendeleaje? Mimi na watoto tupo, na kazi ya kuchomelea mageti inakwenda kadiri umeme unavyotaka.

Dada yako si mzima. Moyo umechoka, maji yanajaa kifuani. Nilimtoa Butiama, yuko kwangu tangu Krismasi.

Sasa lililonifanya niandike. Paroko mpya ametaka Kwaresima hii kinanda kinyamaze, zirudi nyimbo za Kilatini mlizokuwa mnaimbaga mkiwa wasichana. Mwalimu wa kwaya, Alfonsi, akazipakua mtandaoni kwa simu. Wanakwaya ni ishirini na wanne, lakini wakifika kwenye ile Kirie ndefu, ile ya kumwomba Bwana atuhurumie, wote wanavuta hewa kwa pamoja, wimbo unakatika kama maji ya bomba. Jana mzee Ngolo akasema kwa sauti kanisani, "Hawa wanaimba au wanapanda mlima?" Watu wakacheka.

Alfonsi alishakuja kwa Mama kuomba msaada. Akaambiwa kwamba ninyi mlipangwa wawili wawili: mmoja akivuta pumzi, mwenzake anashikilia sauti, mnapokezana hivyo mpaka mwisho, hata msikilizaji asijue nani kapumua. Mimi umri wote huu nilidhani mlisimama karibu kwa kupendana tu.

Tukawasha simu tumrekodi. Akaimba kidogo, akanyamaza. Alfonsi akamnong'oneza maneno, akidhani amesahau.

"Nyamaza wewe," Mama akamkata. "Hapo ni pa Gaude."

Akangoja, akaendelea mbele, akanyamaza tena. Tulichonacho kwenye simu ni nusu ya wimbo. Nusu nyingine ni kuku wa jirani.

Tukamletea binti mmoja wa kwaya, Debora, mwenye sauti nzuri, ashike nafasi yako. Mama akageukia ukutani. "Huyu ananingoja nimalize ndiyo aanze. Gaude alikuwa ananidaka kabla sijaanguka."

Mama mdogo, nina kinyongo na sitakipaka sukari. Tangu mgombanie shamba la babu hujakanyaga huku. Misiba miwili, harusi tatu, unatuma meseji. Lile shamba nimelipima mwenyewe: ekari moja na robo, na hiyo robo ni mawe. Mtu hakosi dada kwa sababu ya mawe.

Usiniambie utaimba kwa simu. Sauti inachelewa, na pumzi ya Mama haiwezi kungoja mtandao. Njoo. Ukikaribia Bunda nipigie, utanikuta stendi hapa Musoma. Daktari hakunitajia siku zilizobaki, na mimi mtu wa hesabu sikuthubutu kumwuliza.

Wasalimie baba mdogo, Shija na Boke. Mke wangu Rhobi na watoto wanakuamkia. Ningeandika kwamba Mama naye anakusalimu, lakini hajatuma salamu. Jana jioni aliimba peke yake. Alipofika pale pako hakunyamaza; alipitiliza bila kuvuta pumzi, mpaka kikohozi kikamwangusha kwenye mto.

Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa na sauti.

Mimi mwanao, ninayekupenda hata nikinuna,
Prosper