Mkono Uliopinda

Mshangano, Songea, Julai 1993. Mwaka wa ishirini na nane tangu tuvuke Ruvuma.

Mama Halima,

Leo asubuhi ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro hadi mlangoni petu, hata mparachichi sikuuona. Nimetoka kuota moto na sikutetemeka. Nimevaa sweta. Nimelimaliza jana, mkono wa kulia na yote, na tangu hapo nimelivua wakati wa kutawadha tu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Kisha nina habari ya Saidi na lori, lakini lazima nianze na sweta, kwa sababu jibu la Saidi nimelipata humo.

Utakuwa unaikumbuka siku uliyoleta lile sweta la kwanza. Mambo yalikuwa yameshakuwa ruksa, na mabelo ya mitumba yalikuwa yakifumuliwa sokoni kama magunia ya mahindi. Wenzako waligombea mashati. Wewe ukarudi na sweta la kijivu ambalo hakuna aliyelitaka, limechanika kola, uzi wake mnene kama kamba ya mbuzi. Nikakuuliza, "Hili wamemvua ng'ombe?" Ukasema, "Shika huko, acha maneno." Tukakaa barazani, wewe ukivuta, mimi nikizungusha bonge, na lile jitu zima likaisha mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari, mpaka mapajani pako hapakubaki kitu. Uzi ulikuwa umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye msuko. Ukaufua, ukautundika na jiwe chini ili unyooke. Siku ile niliwaza, na leo bado nawaza, kwamba fuma na fumua zimetenganishwa na herufi moja tu.

Kisha redio ikatangaza kwamba vita vya kwetu, ng'ambo ya Ruvuma, vimekwisha. Nyumba zote za watu wetu hapa Mshangano zilipiga vigelegele. Mimi niliruka kama mtoto, nikaja kwako: "Mama Halima, tunarudi!" Wewe ukaninyooshea kipande cha mwanzi.

"Nichongee sindano," ukasema. "Nene. Za Mama Komba haziuwezi uzi huu."

Nikachonga, nikazilainisha kwa kipande cha chupa, huku nikikusimulia mto, samaki, jua la kule. Ulikuwa unahesabu vitanzi. Nilidhani hunisikii. Nikikuuliza sweta ni la nani, unajibu, "La mtu mmoja mbishi." Nikadhani ni la mkwe wetu, mume wa Halima.

Mvua zikaja, ukaugua, ukaenda.

Baada ya arobaini Halima alifungua kapu lako. Mgongo ulikuwa tayari, kifua tayari, mkono wa kushoto tayari. Mkono wa kulia haukuwa umeanzwa, bonge la uzi limekaa palepale. Tukamwita Mama Komba, jirani aliyekufundisha kufuma, ambaye naye alifundishwa na masista wa Peramiho akiwa msichana. Akalitandaza kitandani, akaushika ule mkono wa kushoto, akaguna.

"Masikini mwenzangu. Ugonjwa ulishamwingia. Hebu tazama, Baba Halima, mkono umepinda kama mundu. Hapa kwenye kiwiko ameongeza mistari upande mmoja, upande wa pili kasahau. Tuufumue, nitaufuma upya."

Alishaipata ncha. Akaivuta, mistari miwili ikaachia.

Nikamshika mkono. Nilimshika kabla sijajua kwa nini. Nikasema, "Ngoja kwanza," nikaingiza mkono wangu wa kushoto, huu huu uliovunjika siku ya kuvuka, mtumbwi ulipotubamiza mwambani. Huu aliouunga porini yule mzee kwa vijiti na magome ya miti, usionyooka tena tangu siku hiyo. Ukaingia. Sweta lilipinda pale ninapopinda mimi. Kiwiko kikatulia kwenye mahali pake. Miaka yote hii kila shati limenikaza nyuma ya kiwiko, nami nikazoea hata nikasahau kwamba nguo inaweza isivute.

Hukunipima hata siku moja, Mama Halima. Hukuweka uzi wala shibiri kwenye mkono wangu. Ulipimaje? Nauliza hivi kama mtu anavyouliza mbele ya nyota, bila kutegemea kujibiwa.

Mama Komba akakaa, kiganja mdomoni. "Kumbe si kosa," akasema. "Kumbe!" Na yule mwanamke unamjua, si wa kukosa maneno.

Nikamwomba anifundishe niufume mwenyewe ule uliobaki. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba Halima, na uzee huu unataka kuingia usista?" Lakini alinifundisha. Mkono uliopinda unashika sindano vizuri kuliko mzima. Nilifuma, nikakosea, nikafumua, nikafuma. Vitabu nimesoma vingi katika maisha haya ya ugenini, na hakuna kilichowahi kunishangaza kama hili: kwamba katikati ya kitambaa hamna fundo. Kitanzi kinashikwa na kitanzi kilicho juu yake, na hicho na kingine, basi. Na mtu anapata joto.

Wiki iliyopita akaja Saidi, mdogo wangu wa mwisho, tuliyemwacha akichunga mbuzi. Sasa ana upara. "Shikamoo, kaka," akasema, tukalia wote wawili. Amekuja kunichukua. Nyumba ya baba imeezekwa upya, na lori la watu wetu linaondoka Jumamosi. Akaniona na sindano.

"Kaka, hilo unalipeleka wapi? Kule kwetu utaiva humo kama muhogo chunguni!"

Nikacheka naye. Kisha sindano ikasimama.

Maana ni kweli. Kwetu ni bondeni. Kwetu hata baridi haina neno lake: *mbepo* ni upepo, na *mbepo* hiyohiyo ni baridi, kwa kuwa huja na upepo na kuondoka nao. Wewe ndiye uliyeniambia, mwaka wetu wa kwanza hapa, umejifunika kanga mbili na gunia, "Baba Halima, mbepo ya huku haipiti. Imekaa." Sweta la uzi huu, kule kwetu, halina hata asubuhi moja ya kuvaliwa. Nawe ulilianza wiki ileile redio iliposema. Wenzetu walikuwa wanatafuta kamba za kufungia mizigo, wewe unataka sindano. Hukunibishia. Hukuniambia kaa. Ulinifumia kiwiko.

Leo kando ya moto nimemwambia Saidi. Alikishika kiwiko cha sweta, akakibonyezabonyeza. "Shemeji alikuwa fundi," akasema. Hakunisihi tena. Nimempa salamu za kaburi la baba. Za kaburi lako nitazipeleka mwenyewe, si mbali.

Ile mistari miwili aliyoivuta Mama Komba nimeirudishia mimi. Inaonekana, imekaa kombo. Mkono wa kulia nilioufuma pia umezidi urefu, naukunja. Utacheka.

Nakuahidi nitalifua kwa maji baridi na kulianika limelala, nisilitundike. Kola ikilika, nitafumua na kufuma. Siku nami nikija, Halima anajua ncha ya uzi ilipo.

Mungu akupe joto huko uliko, kama ulivyonipa mimi. Lori linaondoka Jumamosi. Mimi sirudi.

Baba Halima